Beki wa Mama Asilimia Mbili

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi. Chumba cha kupigia pasi cha hospitali tayari kina joto la kumvua mgeni koti. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa anatandaza koti la daktari mezani, anapitisha pasi ya mvuke kwenye kola, kisha mikono, kisha mgongo. Dakika mbili na nusu, koti linatundikwa. Kando ya kikopo cha vifungo vilivyong'oka, simu yake imeegemezwa ukutani, inaonyesha timu ya wachezaji kumi na mmoja.

"Nina mpaka saa saba mchana," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Baada ya hapo timu haibadilishwi tena, hata ulie machozi ya damu."

Wenzake wanamwita Mama Asilimia Mbili. Jina hilo limetokana na ligi yao ya fantasi, mchezo wa simu ambao kila mtu huunda timu kwa wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Wengi hukimbilia nyota. Yeye huokota wale ambao kati ya watu mia, wawili tu ndio wamewachagua.

Anapiga pasi hapa kwa mwaka wa kumi na tisa. Kwa siku hupitisha makoti mia na arobaini, mbali na mashuka. Mkono wake wa kushoto una alama nne za moto, na kila moja anaijua mwaka wake. Mshahara wake, anasema, "hufika nyumbani umeshachoka."

Ligi ina watu kumi na wanne, wafanyakazi wote wa idara ya kufulia ya hospitali, na hawachezei fedha. Wanachezea likizo. Kila mmoja ana wiki tatu kwa mwaka, na hawaruhusiwi kuondoka wawili kwa pamoja. Zamani walipiga kura ya kuokota vikaratasi, mpaka mwaka ambao kikaratasi kimoja kilikutwa kimekunjwa kona ili kitambulike. Watu walinuniana miezi mitatu. Msimamizi akaamua: atakayeongoza ligi ya fantasi achague wiki zake kwanza, wa pili amfuate, hivyo hivyo hadi wa mwisho.

Mwaka huu Mama Asilimia Mbili anaitaka Agosti kuliko kitu chochote. Binti yake wa kwanza, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi, anatarajia kujifungua tarehe kumi na tano ya mwezi huo. Ni mimba yake ya kwanza.

"Ameniambia, 'Mama, uwepo. Usije baada ya kazi kuisha.' Mimi nilimzaa yeye nikiwa na jirani tu, mama yangu alinyimwa ruhusa kazini. Niliogopa siku ile, sikufichi. Sitaki naye aogope peke yake."

Tatizo ni Fundi wa Mashine, anayetengeneza mashine za kufulia na ambaye ndiye kinara wa ligi. Leo ni mechi za mwisho za msimu na anamzidi pointi kumi na sita. Naye anaitaka Agosti: shule zitakuwa zimefungwa, na watoto wake hawajamwona bibi yao miaka mitatu.

"Sina ubaya na mama," anasema Fundi. "Lakini Agosti ni Agosti."

Ndiyo maana amemng'ang'ania beki mmoja. Ni beki wa kushoto wa timu iliyo chini kabisa, na kwa wiki sita amemletea pointi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ukiwa nyuma ya mtu ukachagua anachochagua yeye, utabaki nyuma yake mpaka kiama. Nyota wake akifunga, na mimi ninaye huyo huyo, tumepata sawa. Lazima niwe na mtu ambaye yeye hana."

Leo amempa unahodha, na pointi za nahodha huhesabiwa mara mbili.

Saa saba kasoro dakika kumi Fundi anapita na kapu la mashuka, anachungulia simu.

"Huyu? Nahodha? Mama, hata mama yake mzazi hajamchagua!"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Mama naye anacheka. Kisha anaweka pasi chini, anafuta vidole kwenye aproni, na kubonyeza simu mara mbili.

Alichobonyeza kilijulikana jioni. Beki alifunga kwa kichwa, timu yake haikuruhusu bao, akapata pointi kumi na tano. Lakini hakuwa nahodha tena. Unahodha alikuwa nao mshambuliaji ambaye kila mtu alimchagua, Fundi akiwemo, na aliyepata pointi mbili. Mama Asilimia Mbili alishindwa kwa pointi tatu. Angemwacha beki alipokuwa, angeshinda kwa kumi.

Jumatatu karatasi ya likizo imebandikwa karibu na mlango, na penseli inaning'inia kwa uzi. Penseli, kwa sababu mtu anaruhusiwa kubadili wiki zake hadi Ijumaa. Fundi anaandika: nne hadi ishirini na nne Agosti. Hacheki.

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Beki nilikuwa naye. Kilichonishinda ni vicheko vyenu."

Msimamizi anamshauri achukue wiki zinazofuata. "Utamkuta mtoto yupo, ananyonya, salama."

Yeye anaisogelea karatasi. Kisha anaonyesha kwa kidole wiki ambazo hakuna aliyewahi kuzigombania: kumi na nne Julai hadi tatu Agosti.

"Lakini tarehe si kumi na tano?" anauliza msimamizi.

"Tarehe ya daktari. Mimi nimezaa watatu. Wa kwanza alitangulia siku kumi na tisa, wa pili kumi na sita, wa tatu ishirini na moja. Mama yangu vivyo hivyo. Kwetu hakuna aliyewahi kusubiri tarehe."

Muuguzi aliyekuja kuchukua makoti anamwambia hilo si kanuni, na mtoto anaweza kuchelewa mpaka mwisho wa Agosti. Mama anakubali kwa kichwa.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema. "Mimi mjukuu namtaka. Majuto wabaki nayo."

Mtu mmoja nyuma anaanza kucheka. Mwandishi anamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana. Hata Jumamosi niliogopa."

Anaishika penseli, kisha anaiachia, inayumba kwenye uzi wake. Anamgeukia muuguzi na kunyoosha mkono wenye alama nne.

"Mwanangu, niazime kalamu ya wino."