Mlango Alioufungua kwa Kiwiko

Mama alipokuja kutoka Kenya kunitembelea Buffalo, Marekani, nilitaka ashangae. Jumamosi asubuhi tulitoka kwangu Kenmore, pembeni mwa jiji, nikampeleka kwenye jumba moja la matofali mekundu ambalo tajiri wa viwanda alilijenga zamani akiiga majumba ya mashambani Uingereza: mabomba marefu ya moshi, madirisha ya vioo vidogo vidogo, mbao nyeusi zilizokatizana ukutani. Siku hizi hakuna anayeishi humo, ni la kutembelewa na wageni.

Mimi hupenda kujigamba, sifichi. Kabla hata hatujavua makoti nilikuwa nimeshamwambia mwanamke anayetembeza wageni kwamba mama yangu alikuwa karani katika shamba la chai la Mwingereza, kule Kericho. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu utotoni, na nimewaringia watu kwa habari hiyo tangu shule ya msingi. Mama alifunga mkoba wake.

Chumba cha kulia kilikuwa na kuta za mbao kuanzia sakafuni hadi darini. Yule mwanamke alituambia kuna mlango umefichwa humo, akatutaka tuutafute. Tulikuwa watu kama kumi, tukaanza kupapasa mbao huku tukicheka. Mama hakupapasa. Alipita kando ya meko, akasukuma ubao mmoja kwa kiwiko, vile mtu anavyosukuma mlango akiwa amebeba sinia kwa mikono miwili. Ukuta ukafunguka.

Nyuma ya ule ubao kulikuwa na ngazi nyembamba yenye giza na safu ya kengele za kuwaitia watumishi. Majumba haya, alieleza mwenyeji wetu, yalijengwa hivyo ili watumishi wapite bila kuonekana. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa, mama yangu aliujuaje mlango ule.

Nilimtazama Mama. Kiingereza anakielewa vizuri sana.

"Nyumba ya pale shambani ilikuwa tu hivi," akasema. "Mzungu aliijenga ifanane na ya kwao. Mwambie nilikuwa hausigeli. Miaka tisa."

"Na ofisi, Mum?"

"Ofisi nilikuwa naifagia."

Nikakumbuka kofi. Nilikuwa na miaka kumi, nimemwambia msichana wetu wa kazi apitie mlango wa jikoni kwa sababu nina wageni sebuleni. Mama hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, wala hakunipiga tena. Miaka yote hii nimekuwa nikiona kwamba alinionea.

Watu walikuwa wakinisubiri. Mama naye alikuwa akinitazama, aone kama nitalisema neno lile au nitalizunguka. Niliona aibu, tena aibu yangu mwenyewe, si yake. Nikalisema, kwa sauti iliyomfikia kila mtu mle chumbani.

Ndipo Mama akamuuliza yule mwanamke, kwa Kiingereza chake mwenyewe, kama wageni wanaruhusiwa kupanda ngazi ya mbele, ile ya wenye nyumba.