Askari wa Nane Alivaa Shanga

Sanduku lile nililipata likiwa karibu tupu. Mhandisi mzungu aliyekuwa akichimba visima kati ya Lodwar na Kakuma alimaliza mkataba wake katikati ya miaka ya tisini, na siku ya kuondoka alituita sote tuliofanya naye kazi, akampa kila mtu askari mmoja. Tulikuwa wanane, na askari walikuwa wanane. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuosha gari lake na kujaza pipa maji, nilipata mpiga ngoma. Na kwa kuwa hakuna aliyelitaka sanduku, nikapewa na sanduku.

Walikuwa askari wa kuchezea, wa madini, urefu wa kidole cha kati. Koti jekundu, suruali nyeusi, kofia ndefu ya manyoya iliyowafunika mpaka machoni. Mmoja alikuwa na upanga, mmoja ngoma, wengine sita bunduki, kila mmoja amesimama kivyake. Mhandisi aliwaagiza kwa posta, na parseli ilipofika aliacha chakula kipoe.

Niliwahi kumuuliza kama sanamu hizo ni za babu yake. Akasema hapana, zimetengenezwa juzi tu, ila zimeigwa zile alizochezea babu yake: rangi ileile, sanduku lilelile, hata maandishi ya kifuniko na karatasi ya ndani iliyochorwa askari wote wanane. Zile za zamani zilikuwa na madini yenye sumu, lakini hizi mpya hata mtoto akitia mdomoni hazimdhuru. Nikamuuliza mtoto yupi, maana hakuwa na mtoto. Alicheka, nami sikuelewa kilichomchekesha. Kwetu mtu akishona ndala mpya za tairi anataka zionekane mpya. Sikuwahi kumwona mtu anayelipa zaidi ili kitu kipya kionekane cha marehemu. Nilibeba swali hilo kwa miezi mingi, na bado sijui nimelitua wapi.

Ndani ya sanduku, kwenye kadibodi laini, kulikuwa na vishimo vinane, kila kimoja kimekatwa kwa umbo la askari wake. Nilimlaza mpiga ngoma wangu mahali pake, vikabaki saba. Niliacha shule darasa la sita. Nilianza kujifunza ushonaji, nikaacha mkono wa pili wa shati ukiwa haujashonwa. Nilifyatua matofali Kitale, nikaondoka kabla hayajachomwa. Nilipotazama vile vishimo saba niliona kitu ambacho kingeweza kumalizika, na ambacho mimi mwenyewe ningeweza kukimaliza. Nikaamua nitawakusanya wote.

Nilipata kazi ya utingo kwenye lori lililopeleka chakula Kakuma, na kila tulipopita nilimtafuta mtu wangu. Wachimbaji wawili walikubali haraka, mmoja kwa tochi, mwingine kwa shati. Dereva wa mhandisi alikuwa amerudi kwao Kalokol, na nilipofika nikamkuta askari wake amefungwa kwenye ukingo wa wavu wa mjomba wake ili uzame vizuri. Koti lilikuwa limechubuka lote. Mlinzi mzee alihamia Kaaleng, na yeye alimtumia wake kutwangia tumbaku. Alimgeuza kichwa chini, kofia ikafanya kazi vizuri kuliko jiwe, na aliponipa alinionya kwamba harufu haitatoka. Haijatoka. Karani wa Lodwar alikuwa amemweka juu ya karatasi zake zisipeperushwe. Akaniambia niandike barua ya maombi, kwa Kiingereza. Niliandika. Akaisahihisha kwa kalamu nyekundu mbele yangu, akaiweka kwenye faili, ndipo akanipa askari.

Wa saba alikuwa kwa fundi mmoja kambini Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu mrefu wa maneno machache aliyeyeyusha vyuma chakavu akatengeneza sufuria, miiko na misalaba ya kuvaa. Alikuwa ameutengenezea mtambo wa visima vipuri. Nilijiandaa kwa mabishano marefu. Hata sikumaliza kusema. Aliingia ndani, akarudi na askari amefungwa kwenye kitambaa kama kidonda.

"Chukua, ndugu," alisema. "Mimi askari nyumbani hapana."

Nikauliza kwa nini alimpokea basi. Akasema mtu anayeondoka humkatalii zawadi.

Akabaki wa nane, aliyeweka bunduki begani. Yeye alikuwa kwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, mtaani Kanamkemer. Ndiye aliyempikia mhandisi, na ndiye aliyeniombea kazi. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimwona rahisi.

Nilimkuta uani akichekecha unga. Askari alikuwa ananing'inia ubavuni mwake kwa ukanda wa ngozi. Shingoni alikuwa amevishwa nyuzi tatu za shanga, zimekazwa sana, na kiunoni kijisketi cha ngozi ya mbuzi. Amepakwa mafuta mpaka uso unang'aa.

Hapo nilielewa, na kuelewa kwenyewe kukanichanganya. Kwetu msichana hupewa mwanasesere wa kubeba, mara nyingi kokwa ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi, iliyovishwa shanga, na mke ambaye hajapata mtoto huweza kumbeba vilevile. Humpa jina, humpaka mafuta, humlaza kando yake. Si mchezo, ni namna ya kumwita mtoto. Shemeji alikuwa mwaka wa sita katika ndoa. Mama yetu alikuwa ameacha kuuliza, na jinsi alivyoacha ilikuwa mbaya kuliko kuuliza.

"Shemeji," nilisema, "nimemfuata yule askari."

"Huyu ana jina."

"Jina gani?"

"Wewe hutaambiwa." Aliendelea kuchekecha. "Mchukue kama unamtaka. Lakini mama yako akija Jumamosi akauliza mtoto ameenda wapi, utajibu wewe. Umwambie umemfungia kwenye sanduku."

Nilimwambia ningemletea kokwa nzuri ya mkoma, kubwa, kutoka kando ya mto. Akaacha chekeche.

"Kokwa nilibebeshwa tangu niko msichana. Unaona mtoto hapa? Huyu ametoka mbali. Labda huko alikotoka watoto wanasikia."

Na hakuna aliyemkaripia. Kina mama wa kanisani walijua. Jumapili alimwacha kitandani, akamfunika.

Nilirudi kwenye lori nikiwa na saba na kishimo kimoja. Njiani wazo likanijia, na nililiona la akili sana. Hawa wenyewe ni wa kuigwa. Kama mzungu alikusanya vitu vya kuigwa na hakuona aibu, kwa nini nami nisiige kimoja? Fundi wa Kakuma angeweza kumkandamiza askari kwenye mchanga, akatoa umbo, akamimina alumini. Shemeji angebaki na wake, nami ningejaza kishimo.

Shemeji alisikiliza, akasema ni sawa, ila mtoto hasafiri na mtu asiyejua kumbeba. Angekwenda naye mwenyewe. Kaka yangu alisema sote wawili tuna wazimu, kisha akaenda kumwomba dereva ampe mkewe nafasi ya mbele, penye kivuli. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alimwona yule mdogo wa koti jekundu, akamuuliza shemeji kwa sura kavu kama mwenzake ana kitambulisho. Shemeji akamjibu kwamba bado hajafika umri. Polisi akafungua kizuizi akicheka.

Fundi alinikatalia kabla sijafungua mdomo vizuri. Alikuwa ameketi kando ya moto wake, mbele yake fremu mbili za mbao zilizojaa mchanga. Alisema ameacha nyuma yake askari wa kutosha, wa pande zote, na mikono yake haitaongeza hata mmoja, hata wa urefu wa kidole. Nikaanza kumweleza habari za sanduku, vishimo, na babu wa mhandisi. Nilivyozidi kueleza ndivyo mimi mwenyewe nilivyozidi kupotea.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Alipita mbele, akasalimu kwa lugha yetu, "ejok," akaketi chini, akamfungua mwanasesere na kumweka magotini. Fundi aliinama karibu. Akagusa shanga kwa ncha ya kidole, akauliza kwa upole, "Wa kwanza?"

"Nangoja wa kwanza," shemeji alisema.

Fundi akanigeukia. "Kwa nini hukusema? Hii si askari. Hii ni mtoto. Mtoto naweza kufanya."

Alimvua kijisketi kwa heshima kama muuguzi. Alipofika kwenye shanga, shemeji akaushika mkono wake. Shanga hazivuliwi. Mimi nikasema kwamba askari wa kwenye karatasi hana shanga, na kishimo kimekatwa bila shanga. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyeongea kanisani wakati wa sala. Fundi akampaka majivu, akamlaza na shanga zake kwenye mchanga mlaini wa mtoni, akaweka fremu ya pili juu yake, akashindilia. Alipozitenganisha na kumtoa, kulibaki shimo la umbo lake. Na mimi nikafikiri, mambo haya yote ni vishimo tu.

Alimimina. Tukangoja. Alipovunja mchanga, kikatoka kitu cha kijivu kinachong'aa, kofia, uso usio na macho, shanga tatu wazi kabisa shingoni. Begani hapakuwa na kitu.

"Bunduki haikutoka," alisema fundi.

Nikamuuliza kama anaweza kujaribu tena. Akasema alumini imekwisha. Kando ya moto kulikuwa na rundo la sufuria za alumini zilizotoboka, linafika gotini. Mpaka leo sijui kama ni mchanga uliokataa au mkono wake.

Nilimweka kwenye kishimo hapohapo. Shanga zilimwinua, kifuniko hakikufunga. Shemeji akamtoa.

"Huyu pia usimfungie," alisema. "Mbebe."

"Mimi? Watu watasemaje?"

"Watasema shemeji yangu ana mtoto."

Fundi alicheka, mara ya kwanza nilipomsikia akicheka, na hakuchukua chochote kwa kazi ile. Basi nikambeba mfukoni mwa shati, miaka ile yote ya malori. Madereva walinitania, wakaniita mama. Kila niliporudi Kanamkemer, shemeji aliniuliza habari zake baada ya kuniuliza zangu. "Hajambo?" Nami nilijibu hajambo, kwanza kwa mzaha, baadaye sijui kwa nini. Yeye wake alikuwa bado ubavuni, rangi nyekundu ikibanduka kidogo kidogo kwa mafuta, na kila nilipofika nilimtazama shemeji tumboni kwanza, kisha nikaona aibu.

Nilikuwa Kitale nikipakia mahindi, zaidi ya miaka miwili baadaye, dereva aliponiletea habari. Shemeji alikuwa amejifungua msichana, muda umepita sasa, mtoto anakaa. Na salamu: mwambie aje achukue askari wake.

Nilikwenda na sanduku. Mama alinipokea akisema ni yule mwanasesere. Kaka alisema ni vidonge vya daktari. Kina mama wa kanisani walisema ni maombi, na mmoja wao aliyataja yote matatu. Nilimuuliza shemeji ni lipi. Alisema, "Kula kwanza."

Mtoto alikuwa mkekani, meno yakimwota, kofia ya askari imo mdomoni. Nilimkumbuka mhandisi na kicheko chake.

"Mtoe," alisema shemeji. "Kazi yake imekwisha. Ni wako."

Nilivuta kidogo, mtoto akavuta zaidi. Nikatoa yule wa alumini mfukoni nimwonyeshe. Akaachia mmoja, akamkamata mwingine, akamtia mdomoni na shanga zake ngumu, na hakuniangalia tena.

Nilimfuta askari mate. Hakuwa na koti jekundu tena, uso ulikuwa laini kama kokoto. Bunduki ilikuwa bado begani. Nilifungua sanduku, nikamlaza kwenye kishimo chake, cha mwisho. Alikaa vizuri kuanzia kiunoni kwenda chini. Shingoni shanga zilimwinua.

Shemeji alikuwa ameshika kisu cha jikoni. "Nizikate?" aliuliza. "Sasa zinakatika. Hazina kazi."

Nilitazama ile karatasi ya askari wanane wa babu wa mtu. Nilimtazama mtoto. Nilikuwa nimetembea miaka ile yote kwa ajili ya dakika hii, na mkato mmoja tu wa kisu ungeikamilisha seti.

"Acha," nilisema.

"Kwa nini?"

Nikamwomba kamba. Sanduku ninalo, nimelifunga kwa kamba, kifuniko kimeinuka upande mmoja. Anayeniuliza kama seti imekamilika namwambia ndiyo, kisha namwambia hapana, kisha namwomba tuzungumze jambo lingine.