Sauti ya Gari la Mzee Masanja

Masalu mwanangu, weka hiyo spana chini kwanza, ukae. Nimesikia mwenye gari hilo kuukuu anataka injini yake irudi ilivyokuwa, na wewe unataka kulitia mbio. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Siku aliyobishana na Mzee Masanja pale gereji Shinyanga naikumbuka vizuri, maana nilikuwepo, nimekalia tairi, na mimba yangu ya kwanza imeshakuwa kubwa.

Mzee Masanja alikuwa mkulima wa pamba wa Didia, na gari lake ndilo lililowapeleka hospitali wagonjwa wa kule. Baba yako alikichonga kichwa cha injini ili ibane zaidi, akafunga kabureta kubwa, akatoa eksozi, bomba la moshi la zamani, kwa kuwa eti inaizuia injini kupumua. Alipoiwasha, kuku wa jirani walikimbia.

"Sasa hili litayapita mabasi, mzee," akasema.

"Sikukuomba liyapite mabasi. Watu wangu wanalijua likija. Nirudishie lilivyokuwa."

"Watalizoea, mzee wangu."

Mzee akalichukua hivyo hivyo. Alikuwa na wagonjwa wanamngoja.

Kwetu mtoto wa kwanza unamzalia kwa mama yako, kwa hiyo wiki ile ile nami nikarudi Didia. Uchungu ukanishika asubuhi, ukawa mbaya, damu ikaanza kunitoka. Kaka yangu akapanda baiskeli kwenda kumwita Mzee Masanja. Mimi na mama tukabaki tumetega masikio. Zamani lile gari lilikuwa na kikohozi chake. Ukilisikia kule bondeni tu, unamtoa mgonjwa nje hadi barabarani.

Kilichokuja kilikuwa kinanguruma.

Sasa elewa, mwanangu, ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vipya. Gari usilolijua lilikuja kupakia watu na kubomoa nyumba, na kwa jirani walishabomoa. Mama hakuuliza, na mimi niliyewahi kuusikia mngurumo ule gereji, uchungu haukuniacha niukumbuke. Alinishika kwapani, akaniburuta hadi katikati ya mtama, akaniziba mdomo kwa kanga. Nilimng'ata mkono kwa uchungu, naye hakuutoa.

Gari likasimama uani, linanguruma tu. Mzee hakuthubutu kushuka, maana akiondoa mguu kwenye mafuta ile injini ilizimika, na ikishapata moto ilikuwa haitaki kuwaka tena. Alituita kutoka ndani ya gari, alikuja kunieleza baadaye, akaita sana. Sisi tulisikia mngurumo. Alipoona nyumba tupu akadhani tumeshaondoka na mkokoteni wa ng'ombe, akashika njia ya mjini kutufuata.

Kaka, aliyekuwa ameachwa nyuma na baiskeli yake, ndiye aliyetukuta mtamani, ametota jasho. Ikabidi alifukuze gari, mpaka akalikuta limesimama njiani, mzee anawauliza watu kama wameuona mkokoteni. Siwezi kukusimulia nilivyongoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu.

Walipokuja, sitamdhulumu baba yako, lile gari lilikimbia kweli. Hakuna aliyewahi kufika hospitali upesi vile kutoka Didia. Nesi akaniambia laiti mngewahi kidogo tu. Dada yako hakulia.

Baba yako alipofika, Mzee Masanja alikuwa bado kasimama mlangoni. Hakumfokea. Alimwambia, "Uliisikiliza injini peke yake, kijana. Mimi nilikuwa nakuambia habari za watu." Baba yako alikaa chini palepale sakafuni. Nami sikumwonea huruma siku ile, nakwambia ukweli. Nilimchukia kwa muda mrefu. Alitafuta kichwa kingine badala ya kile alichokichonga, akakirudisha kila kifaa cha zamani, hata ile eksozi yenye kutu. Yeye mwenyewe akalipitisha gari nyumba kwa nyumba Didia nzima, akishuka kusalimia, ili watu walisikie.

Sikukatazi kuongeza nguvu, Masalu. Zamani nayo ina ubovu wake, na mwenye gari anaweza kuwa mbishi bure. Lakini mtu akikwambia acha kilivyo, usimwone mzee wa kale. Muulize kwa nini, ungoje ajibu mpaka amalize. Kisha uwaulize na wale wanaolitegemea gari na hawatakanyaga gereji yako kamwe. Ukishawasikia hao, fungua injini, ufanye unavyojua.

Mungu aibariki mikono yako, baba. Na kila anayengoja gari ulilolitengeneza, limkute barabarani, akiwa hai, na mtoto wake mkononi analia.