Benchi la Kuchambulia Mchele

Ninyi wenzangu mliokula wali wenye mawe, mkauma jiwe katikati ya tonge na baba akamtazama mama kwa jicho la pembeni, haya yanawahusu. Hawa watoto wetu waliokulia huku Marekani, ambao mchele wameuona ukitoka kwenye mfuko mweupe kama umefuliwa, nao wasome wakipenda. Hawatajua ninachosema, lakini wasome.

Mimi nimekulia Ifakara, kwenye mpunga. Kwetu mpunga ulianikwa chini, juu ya mkeka kama upo, juu ya udongo kama haupo, na kuku, mbuzi na sisi watoto tulipita hapo hapo. Ukitoka kukobolewa mashineni ulirudi nyumbani na kila kitu: mawe, chuya, pumba, na mara moja kifungo cha shati. Kwa hiyo kabla ya kupikwa ulichambuliwa. Nyuma ya jiko letu la nje, lile lenye kuta nyeusi kwa moshi, palikuwa na kibaraza cha udongo ambacho mama alikisiriba kila Jumamosi kwa mikono yake. Tukitoka shule, vumbi la kucheza rede bado liko miguuni, tulikaa hapo mimi na dada yangu Suzana, ungo mapajani, moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi.

Palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anayetoa mawe mengi ndiye anayepewa ukoko. Mama alipika wali wa nazi kwenye sufuria ya alumini, akapalia makaa juu ya mfuniko, na ule ukoko wa chini, mkavu, wa rangi ya kahawia, unaolia ukiutafuna, jamani, nani alitaka keki? Tuliyaweka mawe yetu kwenye kifuniko cha kopo, mama akaja kuhesabu. Suzana alikuwa mwizi. Aliokota mawe uani akayaficha kwenye upindo wa gauni, akayachomeka kidogo kidogo kwenye kifuniko chake. Siku aliyokamatwa alikuwa ameweka jiwe kubwa kuliko punje ya harage, na mama akamuuliza taratibu kama mchele wa siku ile ulitoka shambani au machimboni.

Sheria ya pili ilikuwa ya maneno. Mama yangu hakuwa na desturi ya kumkalisha mtoto sebuleni na kumkazia macho. Akiwa na neno zito alisema, "Njoo tuchambue mchele," hata kama ule mchele ulishachambuliwa asubuhi. Ukisikia hivyo, hatua kumi za kutoka mlangoni hadi kibarazani ulizitumia kukumbuka madhambi yako yote ya wiki. Pale ndipo nilipoambiwa kwamba bibi amefariki. Pale ndipo nilipoelezwa mambo ya kuvunja ungo, nikiwa nimeinamia ungo, na mpaka leo sijui kama mama aliona kichekesho hicho au la. Na pale ndipo nilipoambiwa kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari na Suzana hakuchaguliwa, na nikimringia, yeye mama atanichapa.

"Macho kwenye mchele, masikio kwangu," alisema kila mara kabla hajaanza.

Basi hamkutazamana. Mikono ilifanya kazi, maneno yakapita katikati ya mikono, na kama chozi lilidondoka, lilidondoka kwenye ungo na hakuna aliyeliona. Yaliyosemwa pale hayakwenda barazani. Hata baba, ambaye aliuliza kila kitu katika nyumba ile mpaka chumvi imekwisha lini, hilo hakuliuliza.

Nikazeeka kidogo, nikaolewa, nikaja huku kuuguza wazee wa watu. Miaka ishirini iliyopita mimi na mume wangu tulinunua nyumba Rockville, nyumba ndogo ya matofali, ya zama zile za baada ya vita kuu ya pili. Baba Rehema aliipendea chumba cha chini, akasema ataweka televisheni yake. Mimi niliingia jikoni nikasimama. Sinki pana la chuma lililopakwa enameli nyeupe, lenye sehemu ya pembeni ya kuchuruzia vyombo. Makabati ya mbao halisi yaliyopakwa rangi mara nyingi hadi milango haifungi. Na chini ya dirisha, benchi la mbao lililojengewa ukutani. Nikakaa. Kimo chake kilikuwa kile kile cha kibaraza cha mama. Nikamwambia mume wangu tusiendelee kutafuta.

Mama alikuja kututembelea mara moja tu, majira ya baridi, amevaa soksi mbili mbili na koti langu la kazini. Alikaa kwenye lile benchi, akamimina mchele wangu kwenye sinia, akautafuta mawe. Akatafuta weee. Mwisho akainua uso akaniuliza ni mchele gani huu usio na jiwe hata moja, na nani ametuchambulia. Nikamwambia ni mashine, mama.

"Basi mnazungumza saa ngapi?" akaniuliza.

Nikacheka, nikambusu, nikawahi zamu yangu.

Miaka michache baadaye, kwenye simu, aliniambia, "Ungekuwa karibu, tungechambua mchele." Nililijua hilo neno. Mimi mtoto wake nilijua kabisa kwamba kuna jambo. Nikamwambia nitakuja Desemba, likizo nimeshaomba. Mama hakufika Desemba. Alichotaka kuniambia sikijui, Suzana hakijui, na imeniuma hivyo hivyo miaka yote hii.

Sasa tuje kwenye ukarabati. Mwaka huu bomba la chini ya sinki lilipasuka, sakafu ikaoza, ikawa hakuna namna, jiko lazima lifumuliwe. Binti yangu Rehema, ana miaka ishirini na tisa, anakaa Arlington na kufanya kazi za ofisini, akajitolea kuchora ramani. Nikafurahi kupita kiasi, na sababu niiseme wazi. Miezi mitatu kabla ya hapo harusi yake ilikuwa imevunjika. Kamati ilishakaa vikao vinne, vitenge vya sare vilishakatwa, shangazi zake walishaanza kupunguza kula. Siku moja akatutumia ujumbe kwenye simu kwamba hakuna harusi. Kwa nini? Kimya. Kila Jumapili baada ya misa watu waliniuliza, na mimi mama mzazi sikuwa na jibu. Nikimuuliza, alinijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, kwa sauti ya mtu anayemjibu karani. Alikuwa amekonda. Usingizi ulinikimbia, nikiogopa kwamba huyu naye ataondoka na neno lake kama mama yangu.

Akaja na ramani. Ukuta wa sebuleni ubomolewe, wageni wakikaa waone jiko. Nikamuuliza wageni waone jiko wamekosa nini, kwetu mgeni huletewa chakula, hapelekwi kuona sufuria zikiungua. Ukuta ukabaki. Jiko la gesi liondoke, lije la kioo lisilo na moto. Hapo nilitaka kukubali, maana lilipendeza, hadi fundi wetu alipoleta moja la kujaribia. Fundi ni Papa Dieudonné, Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akaweka juu yake sufuria yangu ya alumini, akawasha. Likapiga mlio. Akaweka nyingine. Likapiga mlio. Sufuria kumi na moja nilizobeba kutoka Kariakoo likazikataa zote, maana halitambui alumini, na Baba Rehema akacheka mpaka akakaa chini. Gesi ikabaki.

Lakini kwenye benchi Rehema alikaza. Mashine ya kuoshea vyombo, alisema, haina pengine pa kukaa. Nikamwambia mashine ya kuoshea vyombo ninayo, imenioa mwaka wa thelathini huu. Hakucheka. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kama nataka kila kitu kibaki kilivyo, basi kwa nini nilimkubalia achore. Mume wangu akajaribu kusuluhisha, akasema, "Mama Rehema, ni ubao tu." Nikanuna. Na kwa ujinga wangu sikueleza. Mtoto nimemzaa, nimemlea, na sijawahi kumsimulia habari za kibaraza cha bibi yake, kwa sababu kila nilipotaka kumwambia neno nilimwambia nikiwa naendesha gari, tumechelewa mahali.

Aliyeuliza ni Papa Dieudonné. Alikuwa amepiga magoti akikwangua rangi ya benchi, nyeupe ikatoka, ikaja ya kijani, ikaja ya maziwa, mpaka mbao ikaonekana, nyekundu na nzima. Akaligonga kwa ngumi. "Mama, hii kiti iko nguvu," akasema. "Itatuzika siye wote." Kisha akataka kujua kwa nini naling'ang'ania. Basi nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikamwambia yote, ungo, moshi, macho kwenye mchele, mpaka lile neno la mwisho la mama kwenye simu. Yule mzee akavua miwani yake akaifuta muda mrefu. Nilipogeuka nikamwona Rehema mlangoni, tepu ya kupimia mkononi, vidude vya kusikilizia muziki masikioni. Nikadhani hajasikia.

Kesho yake ramani ilikuwa imebadilika. Mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa imehamia upande wa jokofu, kabati moja limepunguzwa, na benchi liko chini ya dirisha lake.

Jiko likaisha. Sakafu mpya, mabomba mapya, taa mpya. Sinki la zamani limerudi mahali pake limeng'arishwa. Milango ya makabati ni ile ile, sasa inafunga, na vishikizo vyake vya shaba nilivisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu, dawa ya mama. Marafiki walikuja kuliona wakasema mbona halionekani kama tumetumia mafundi. Nikawashukuru.

Jumamosi moja Rehema akaja mchana bila kupiga simu. Nilikuwa nakunja nguo chumbani. Nikasikia kabati linafunguliwa, kisha nikasikia mchele ukimiminwa kwenye sinia, mlio ambao sijausikia katika nyumba hii tangu mama aondoke.

"Mama," akaita, kwa Kiswahili chake kile cha kukwaruza. "Njoo tuchambue mchele."

Nikaziacha nguo kitandani. Kutoka chumbani hadi jikoni ni hatua chache, lakini nilikumbuka madhambi yangu yote, ya kumsukuma, ya kumuuliza mbele za watu, ya kuhesabu vitenge badala ya kumhesabu yeye. Baba Rehema alikuwa sebuleni. Aliniona nikipita, akachukua miwani yake akashuka chini kwenye televisheni yake. Nikakaa upande wangu wa benchi. Sinia katikati.

Ulikuwa mchele wa dukani, mweupe pee, bila hata chuya. Akaanza kusogeza punje moja moja kwa kidole, kulia kwenda kushoto. Nami nikasogeza zangu.

"Macho yangu yako kwenye mchele," nikamwambia.

Akaanza. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa vyote viwili. Aliyoniambia hayaendi barazani, kwa hiyo wale mnaoniuliza baada ya misa mnisamehe, sitawajibu. Nitasema tu kwamba pale mahali pagumu zaidi nilitaka kuinua uso nimkumbatie, na sikuinua. Nikamwachia aseme mpaka mwisho. Mchele ule tuliuchambua mara tatu, na sinia likalowa pembeni, sijui kwa machozi ya nani.

Enzi zetu tuliyalaani yale mawe. Na sitawadanganya kwamba nataka kurudi: kuni mbichi nizirudie za nini, na viboko, na kuteka maji alfajiri? Watoto wa leo wana raha zao, na simu zao, na mchele wao msafi, na wakihuzunika wanamwandikia mtu aliye mji mwingine kabla ya kumwambia aliye chumba cha pili. Ila sisi tulilazimika kukaa. Kila siku, kabla ya chakula, mtu mzima na mtoto walikaa bega kwa bega kwa sababu ya mawe, na kilichokuwa moyoni kilipata njia yake. Nimekaa huku miaka mingi nikidhani mama alikuwa anatufundisha kupika.

Tulipomaliza niliosha mchele ule, nikaubandika kwa tui la nazi kwenye sufuria ya Kariakoo, moto mdogo, nikauacha ushike chini. Harufu ikapanda. Baba Rehema akapanda nayo, akala sahani mbili, hakuuliza kitu. Mwisho nikaukwangua ukoko, ukabanduka mzima, nikauweka wote kwenye sahani ya Rehema. Akanitazama, macho bado mekundu, akaniuliza mbona wote nampa yeye.

Nikamwambia ndiyo sheria ya bibi yake. Ukoko ni wa aliyetoa mawe mengi.