Jina Likifutwa, Njia Hubaki

Nakumbuka asubuhi moja mjini Mahajanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipomwonyesha bibi yangu ramani niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bibi, ambaye kwa Kikomoro cha nyumbani tulimwita Koko, alikuwa uani akichambua mchele. Nilimtandazia ramani juu ya mkeka nikitegemea sifa. Mwanangu, sifa sikuzipata. Nilipata jambo la kufikiri, na mpaka leo sijalimaliza.

Niseme kwanza ramani ilitoka wapi. Mtafiti mmoja kutoka mji mkuu, jina lake Hery, alikuja kwetu kusoma mienendo ya watu: nani anatoka wapi, anakwenda wapi, anafanya kazi gani huko na hurudi lini. Alivutiwa hasa na wale wanaoishi mji mmoja na kupata riziki mji mwingine. Aliniajiri kwa sababu nilijua Kimalagasi cha pwani, Kikomoro na Kifaransa cha shule, na kwa sababu milango ya mtaa wetu ilinifungukia mimi kuliko yeye. Miaka ile Wakomoro wengi walikuwa wameondoka Mahajanga kwa misukosuko, na sisi tuliobaki hatukupenda mtu ajue tunakopita. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiye niliyekuwa kata.

Kila aliyekubali kuzungumza nami nilimwahidi kwamba jina lake halitaandikwa popote, na ahadi hiyo niliitimiza. Katika ramani kila mtu alikuwa mstari mmoja tu. Kijani kilikuwa biashara, nyekundu kibarua, buluu kutembelea ndugu. Hery alipanga iangikwe ukumbini siku ya Jumamosi, wenyeji waje waone matunda ya maelezo yao. Aliona huo ndio uungwana, na nia yake ilikuwa safi.

Koko aliweka ungo chini akaanza kufuata mstari mmoja kwa kidole.

“Hapa ni sisi?”

“Ndiyo, Koko. Ni mtaani kwetu.”

“Huu unavuka ghuba kwenda Katsepy, halafu unapanda hadi kisiwani Nosy Be.” Akacheka. “Huyu ni Echati! Nani mwingine anayekwenda kumwamkia mama wa marehemu mumewe kabla ya kupanda meli?”

Kidole kikaendelea. Kikapita Andoany, mji wa Nosy Be ambako wauza vitambaa hushukia, kikaenda kusimama Ambondrona, upande wa hoteli. Kicheko kikakatika.

“Mbona mmemtia rangi nyekundu?”

Niliinama nikaanza kuokota punje za mchele mkekani.

Echati alikuwa mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima ulijua kwamba huenda Nosy Be kuuza vitambaa. Kweli ni kwamba alifua mashuka katika hoteli moja ya Ambondrona, wiki kadhaa kila safari. Kufua si aibu, mwanangu. Nguo chafu ndiyo aibu. Lakini binti yake alikuwa ameposwa na watu wenye majivuno, na Echati alikuwa amewaambia wakwe hao kwamba yeye ni mfanyabiashara. Mimi aliniambia kweli kwa sababu niliapa. Na wakwe hao wangekuwapo ukumbini Jumamosi.

Koko alikunja ramani polepole. “Umeficha jina ukaacha njia,” alisema. “Kanzu ikianikwa kambani haina jina, na mtaa mzima unajua ni ya nani.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa Hery, kwenye nyumba aliyopanga.

“Bwana, mstari huu wa Ambondrona watu wataujua.”

“Hakuna jina, Abdu.”

“Hawahitaji jina.”

“Nikiufuta nitakuwa nimesema uongo. Leo nitafuta unaoumiza, kesho nitafuta usionipendeza. Utafiti utabaki wapi?”

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na mpaka leo nayaheshimu. Alimaliza kwa kuniambia kwamba kama kazi imenishinda, wako vijana wengine wenye kalamu. Mshahara ule ndio uliotulisha mimi na Koko. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeipenda kazi yenyewe, kama mtu anavyompenda mchumba.

Usiku ule sikubishana tena. Nilichukua karatasi nyingine nikachora mstari mmoja, bila jina. Asubuhi niliipeleka uani kwa Hery, ambako dereva wake Jaona na mpishi wake Mama Soa walikuwa wakinywa kahawa. Nikaitandaza mbele yao.

“Huyu ni nani?” niliuliza.

Jaona alitazama mara moja tu. “Nyumbani, posta. Nyumbani, posta. Eeeh! Huyu si mheshimiwa wetu? Na hapa Amborovy, uwanja wa ndege! Kila ndege ya mji mkuu ikitua, yupo. Hapandi, hapokei mtu, hana hata kifurushi. Sijui anauza karanga pale!”

“Karanga gani wewe!” alisema Mama Soa. “Mwanamume akirudia mahali pamoja namna hiyo, muulize anaitwa nani huyo mwanamke.”

Walicheka. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda.

Tulipogeuka, Hery alikuwa amesimama mlangoni, bado ameshika taulo la uso.

“Namsubiri mke wangu,” alisema. “Aliandika kwamba atakuja. Hakusema ndege ipi.”

Jaona aliweka kikombe chini akaenda kufuta kioo cha gari kilichokuwa safi. Mama Soa akakumbuka jiko. Nikabaki mimi na karatasi yangu. Hery aliichukua, akaikunja, akaniambia bila hasira, “Ramani ya ukumbini tutaichora upya.”

Tuliichora. Safari hatukufuta hata moja, tulizikusanya. Zilizofanana tulizifunga pamoja zikawa mkondo mmoja mnene. Mahali ambapo msafiri alikuwa peke yake, tulipanua eneo hadi akapata wenzake: hapakuwa na Ambondrona tena, palikuwa na Nosy Be nzima. Rangi za kazi tuliziondoa kwenye njia, tukazionyesha pembeni kwa jumla, kisiwa kizima pamoja. Chini tukaandika tulichofanya na kwa nini. Hery alisema sasa ramani inaonyesha mambo kwa mbali kuliko mwanzo, lakini haisemi uongo. Hiyo ndiyo bei, mwanangu, na inafaa kulipwa mchana kweupe, kila msomaji aijue.

Jumamosi Echati alikuja na wakwe watarajiwa. Alisimama mbele ya ramani akijitafuta, kisha akanivuta pembeni.

“Abdu, nilikaa nawe mchana kutwa nikieleza mpaka sauti ikakauka. Mbona mimi simo?”

“Umo, Mama. Umo humu, pamoja na wenzako.”

Alitazama ule mkondo mnene. “Basi mmeninenepesha,” alisema, akarudi kwa wakwe zake akicheka. Ndoa ya binti ilifungwa, na chakula chake nilikila.

Jioni ile nilimsimulia Koko yote, pamoja na habari za uani, karanga na kicheko. Nilisimulia kwa madaha. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Umemsitiri Echati kwa kumvua nguo mgeni,” alisema. “Stara gani hiyo, nguo moja kuhamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine?”

“Koko, hakutaka kusikia. Nilimwambia kwa maneno, akakataa.”

“Ungemwonyesha karatasi ile peke yake, mlango umefungwa. Angeelewa vilevile. Jaona na Mama Soa uliwaita wa nini? Uliwaita ili wacheke.” Akanisukumia sahani. “Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa kwa ulimi wa watu wengine. Ndege nyingine inatua lini?”

“Jumatatu.”

“Utakwenda naye. Na usiende kumwomba radhi kwa hotuba. Nenda ukakae.”

Nilikwenda. Hery hakunikaribisha wala hakunifukuza. Tulikaa kwenye benchi Amborovy, jua likitupiga magotini. Ndege ilitua, watu wakashuka na vikapu vyao na watoto wao, wakakumbatiwa. Alisimama hadi abiria wa mwisho alipopita. Mkewe hakuwamo.

Njiani kurudi alianza kunieleza habari za mke wake: jinsi alivyokuwa mwalimu, jinsi yeye Hery alivyohamahama kwa ajili ya utafiti, mwaka huku, mwaka kule, akiwauliza watu wa kila bandari kwa nini wanaziacha nyumba zao. Mimi, niliyelipwa kwa kuuliza, sikumuuliza hata swali moja. Alinieleza zaidi ya yote niliyowahi kuambiwa na mtu kwa maswali.

Baadaye aliacha kwenda uwanjani. Sababu siijui. Alinifundisha kazi miaka kadhaa, akaniachia vitabu vyake alipohamishwa, nami nikaendelea kujisomea. Chuo kikuu sikukiona kutoka ndani. Hata Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata kwa redio na vitabu vya kuazima, Kikomoro kikinishika mkono. Lakini watafiti wengi waliofika pwani yetu baada ya Hery walifanya kazi nami, na kila mmoja nilimfunza kuchora mkondo.

Siku hizi mambo yamebadilika. Nikienda Nosy Be nawaona vijana wa mbali wamekaa Ambondrona na kompyuta mapajani, ofisi zao ziko ng’ambo ya bahari. Nasikia pia kwamba ninyi mnaoanza utafiti hamhitaji tena kubisha hodi: simu ya mtu hukuambieni alikolala, alikofanya kazi na alikopita. Mtafiti mmoja kijana alinionyesha njia hizo kwenye kioo chake, maelfu, zinang’aa kama vimulimuli. Akaniambia kwa fahari, “Mzee, hakuna jina hata moja.” Nilifunga mlango kwanza, ndipo nikamjibu.

Mwanangu, wewe unayeingia katika kazi hii, shika haya. Safari ya mtu ni siri yake kama chumba chake. Kufuta jina hakutoshi, kwa kuwa jirani hasomi jina, husoma njia. Kabla hujaionyesha dunia kazi yako, muulize mtu mmoja wa mahali hapo anamwona nani ndani yake. Ukiona kwamba mtu atajulikana, usidanganye na usimwanike: panua eneo, mchanganye na wenzake, useme wazi ulichofanya. Na ukijaliwa kuwa na haki mbele ya aliyekukosea au aliyekuzidi cheo, usiite watu waje kukutazama ukiwa na haki. Ukweli unaohitaji watazamaji umeanza kuwa kitu kingine. Kisha tenga siku za kukaa tu na watu unaowasoma, bila kalamu. Mwenda bure si mkaa bure, na anayekaa na mwenye huzuni hakukaa bure.

Mola akufungulie milango ya watu, akupe adabu ya kuingia na adabu ya kutoka. Akuzidishie elimu, asikupunguzie haya. Na popote riziki itakapokupeleka, akujaalie mtu wa kukupokea. Amina.