Mbele ya bakwe nilisema yote

Mujukuu wangu ni mwembamba tangu kuzaliwa. Alipopata muchumba wa Butembo, bashangazi ba muchumba balikuja kwetu Mulekera kumutazama. Mukubwa wao akacheka: «Ni mifupa hii tutaletea mbuzi za mahari?»

Ilimuuma mujukuu. Akaanza kununua kwa siri dexa, vile vidonge basichana banameza kabla ya harusi ili banenepe. Mashavu yakavimba kama andazi. Jirani bakasifu.

Kisha tumbo likamukamata. Akatapika, akakohoa damu, mistari myekundu ikatembea kwenye ngozi ya tumbo. Tulimupandisha moto, pikipiki ya kukodi, yeye katikati ya dereva na mimi, nikimubana kama gunia ya makala ya kupikia. Bashangazi, bamerudi kwetu kupanga harusi, bakatufuata mpaka hospitali, bakajaa mulangoni.

Docteur akauliza: «Anameza dawa gani?»

«Hakuna,» akajibu, macho kwa bashangazi.

Niliona mutoto anachagua kufa kuliko kupata haya. Haya yangu mimi iliishia kwenye kitanda cha kuzalia. Nilikuwa nimefagia chini ya kitanda chake nyumbani, nikaokota karatasi za vidonge. Nikapaza sauti:

«Docteur, anadanganya! Anameza dexa asubuhi na jioni, apate matako ya kuonyesha bakwe!»

«Ee Yesu!» shangazi mukubwa akalia.

«Yesu alijua tayari, mama. Docteur ndiye hakujua.»

Bakapima choo na makohozi. Minyoo midogo, mingi kama siafu! Docteur akatueleza: inaingia kwa nyayo, pale tunalima pekupeku, na inaweza kukaa mwilini miaka bila kelele. Lakini dexa inalaza baaskari ba mwili. Hapo minyoo inazaana ovyo, inapanda mpaka mapafu. Akamupa dawa ya minyoo kila siku, na dexa akaipunguza polepole, maana mwili ulishaizoea, kuikata mara moja ni hatari.

Muchumba alikuja kila siku na uji. Angekimbia, ningemusindikiza na mwiko.

Mutoto alilala kama nguo iliyotupwa. Nilimupangusa, nikamugeuza, nikagombana na Mungu juu yake. Asubuhi moja akafungua macho, mashavu yameshuka, sura ni yake tena.

«Koko,» akaniita mimi bibi yake, «njaa. Nataka sombe.»

Nikapiga vigelegele katikati ya bagonjwa. Infirmière, muuguzi wa zamu, akaja mbio: «Mama, nyamaza, hapa ni hospitali!»

Nikapiga tena.