Hodi ya Adhuhuri

Jumatatu ya pili ya mfunguo tano, mwezi wa Safar mwaka huu, saa saba kasorobo mchana, Baba yangu alifariki chumbani kwake hapa Ibra, Oman. Mimi nilikuwa njiani natoka Nizwa, nimebakisha kama nusu saa kufika. Aliyekuwa naye ni mjukuu wake Nasir, mtoto wa ndugu yangu Khalfan, kijana wa chuo, mwenye adabu na swala zake. Alimshika babu yake mkono, akamtia maji mdomoni kidogo kidogo, akamsomea Yasini. Mwenyezi Mungu amlipe. Neno alilolisikia Nasir kwa babu yake wakati ule nitalisema, lakini halitafahamika nisipoanza na Bibi, mama yake Baba.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili ndani na ya Kiarabu nje. Bibi alizaliwa Unguja, akakulia Unguja, akazaa na kuzika mume Unguja, kisha akaja Ibra mtu mzima, kwenye mji ambao wazee wake waliuacha zamani. Alikuwa Mwarabu kwa nasaba, lakini mtaani wakimwita Mzanzibari. Siku za Jumatano alikwenda soko la wanawake, akanyoosha kidole kwenye ndimu, akasema neno lake moja la Kiarabu, na wauzaji wakaangua kicheko.

"Na mimi nacheka nao," akituhadithia akirudi. "Kiarabu changu cha kuswalia, si cha kununulia ndimu."

Alikuwa na miiko mingi, na mkubwa wao ulikuwa wa adhuhuri. Jua likiwa utosini na watu wamelala, akisema hiyo ni saa ya wenyewe. Hakuwataja zaidi ya hapo.

"Ukisikia hodi saa hizo, usiitike," alituambia. "Subiri umwone mtu kwa macho yako. Ukishasema karibu, umeshamkaribisha, na wala hujui ni nani."

Watu wa Ibra wakibisha husema "Hud!" Kwa hivyo tulijua, hud ni jirani, na hodi ni mtu wa kwetu. Na watu wa kwetu walikuwa wakipungua. Mmoja mmoja walihamia Maskati kufuata kazi, mpaka ikawa mwezi unapita hatujabishiwa hodi hata moja. Mimi kama mtoto nilifurahi. Niliona hatari imepungua.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, skuli zimefungwa. Baba yuko kazini, idara ya maji. Mama amelala chumbani na Khalfan, ambaye bado alikuwa akinyonya. Mimi na Bibi tumekaa ukumbini, feni inazunguka juu yetu, na Bibi anashona pindo la kanga. Mara akasita, sindano iko juu. Akageuza uso upande wa mlango, akatabasamu kama mtu aliyeletewa asumini.

"Karibu!" akasema. "Karibu mwanangu, pita!"

Mimi sikuwa nimesikia kitu isipokuwa feni.

"Bibi, nani?"

"Si huyo anabisha! Kafungue, umemwacha juani."

Nilikwenda, nikafungua. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu. Mbuzi wa jirani walikuwa wamejibana chini ya gari. Nikarudi nikamwambia hapana mtu. Bibi akaiweka sindano chini taratibu, na hapo nikaona kwamba ameshafahamu.

"Lakini wewe ndiye unayetukataza tusiitike!" nikamwambia. Nilikuwa nataka kulia.

"Mimi maneno yangu nayajua, usinisomee." Kisha akacheka kidogo, akanivuta nikae karibu yake. "Alipiga hodi vizuri, mtoto wewe. Hodi ya mjini Unguja, ya kuvuta. *Hodi, hodi wenyewe.* Miaka mingapi sijabishiwa namna ile? Ningemnyima vipi?"

Baba aliporudi alimwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu. Leo nilipata mgeni." Akamweleza. Nilidhani Baba atacheka, maana alikuwa mtu aliyesoma nchi za watu. Hakucheka. Alikaa chini na kofia yake kichwani, akasema, "Mama, mimi hadithi hii nimeshaisikia. Nimeisikia Ujerumani."

Ujanani Baba alipelekwa kutoka Unguja hadi Ujerumani ya Mashariki kujifunza kazi ya viwanda vya nguo, katika mji uitwao Cottbus. Mji ule, akisema, uliishi kwa nguo tangu zama za mafundi wa sufu na kitani waliofuma majumbani mwao, mpaka vikaja viwanda vya matofali mekundu kando ya mto, na mji mzima ukawa unaamka kwa king'ora. Lakini mlikuwa na lugha nyengine chini ya Kijerumani, lugha ya Wasorbi, iliyo ndugu na Kipolandi, nayo ilikuwepo kabla Kijerumani hakijafika. Mji ulikuwa na jina kwa lugha hiyo pia. Baba alilitamka kwa khe ya Kiarabu, Khoshebuz. Vibao vya njia viliandikwa majina mawili. Wakati wa Hitler lugha ile ilipigwa marufuku. Baadaye ikaruhusiwa, hata ikafundishwa skuli, lakini wazee wengi walikwishaingia hofu, na watoto wamekwishazoea Kijerumani.

Jirani yake kwenye mashine za kufumia alikuwa mama mmoja wa makamo, Msorbi, aliyeitwa Hanka. Baba, kwa adabu yetu, alimwita Bi Hanka. Yeye ndiye aliyemhadithia kwamba vijijini kwao, adhuhuri, mwanamke mwenye nguo nyeupe na mundu hupita mashambani. Akimkuta mtu hakwenda kupumzika, humwuliza habari za kitani. Kinapandwaje, kinang'olewaje, kinalowekwaje, kinasokotwaje, kinafumwaje, mpaka kiwe shati. Mtu aseme saa nzima asinyamaze. Akikatika maneno, amekwisha, hukatwa kichwa kwa ule mundu.

"Huwauliza kwa lugha gani?" Bibi akadakia.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, kwa Kisorbi tu. Mjerumani hupitwa. Hafahamu, kwa hivyo haulizwi."

"Basi watoto wake Bi Hanka wamesalimika."

"Wamesalimika. Wanafanya kazi kiwanda kile kile, na mama yao akiwasemesha Kisorbi wanamjibu Kijerumani. Siku moja aliniambia, 'Sasa hata kumwogopa, namwogopa peke yangu.'"

Bibi akatikisa kichwa. "Maskini. Hana hata wa kuogopa naye."

Nilipoinua macho nilimwona Mama amesimama mlangoni mwa chumba, Khalfan begani. Sijui alikuwapo kwa muda gani. Alikuwa amemfunika mtoto masikio kwa kiganja.

Wiki haikwisha, Bibi akafa. Alilala baada ya swala ya adhuhuri na hakuamka. Daktari alisema moyo. Mama alisema hodi.

Siku za tanzia zilipomalizika na watu kuondoka, Mama akamwambia Baba, mbele yangu, "Khalfan hatosemeshwa Kiswahili."

"Kwa nini?"

"Kilichokuja kilikuja kwa Kiswahili. Mtoto asiyejua hodi hatosema karibu. Wewe mwenyewe umesema, asiyefahamu hupitwa."

"Mimi nilihadithia! Sikutoa fatwa."

"Umehadithia, na mimi nimesikia."

"Bi Hanka alisema yale kwa uchungu, mke wangu. Hakuwa akijisifu."

"Na watoto wake wazima?"

Walikuwa wazima, na Baba alikuwa anajua.

Nimeyapima maneno yale maisha yangu yote, na sijaona mahali pa kumlaumu Mama. Alikuwa na mtoto mchanga na ameona mauti yakiingia nyumbani kwa neno moja la heshima. Na hofu yake ilipata wasaidizi. Skuli watoto walinicheka nikitamka herufi ya ain, wakaniuliza kama Zanzibar tulikuwa tunakaa juu ya miti. Mama alimsemesha Khalfan Kiarabu tangu siku ile. Siku mafuta ya moto yalipomrukia jikoni ndipo alipojisahau akapiga ukelele, "Mama wee, nimeungua!" na Khalfan akacheka akimwiga, "Mamawee! Mamawee!" na Mama, mkono umeshaungua, akamkimbilia kumziba mdomo.

Mimi nilikwishachelewa. Nilikuwa najua. Kwa hivyo Kiswahili kikabaki kwa Baba na mimi, na mahali petu pa kukisema palikuwa garini. Akinipeleka skuli alikuwa akinifanyia mtihani kwa mchezo. "Haya, nieleze kanga, tangu pamba iko shambani mpaka iko mabegani mwako. Usichanganye neno." Nilikuwa nakwama kwenye kusokota. Yeye akicheka, akisema, "Umeshakatwa kichwa, shuka uende skuli."

Khalfan alikua, akaoa, akapata watoto. Mama akatangulia mbele ya haki, na mpaka mwisho wake kila adhuhuri alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kuelekea mlango. Nasir wa Khalfan alijua shikamoo tu, na aliitamka kama jina la mtu.

Sasa nirudi kwa Baba. Siku ya tatu ya tanzia, wageni wameondoka na mabuli ya kahawa yamekusanywa, Nasir alikuja kukaa nami. Yeye huniita Ammah, yaani shangazi, na tulizungumza Kiarabu kama siku zote.

"Ammah, babu alijua kama anakufa."

"Alisema nini?"

"Aliangalia mlangoni, akasema qarib. Mara mbili. Alikuwa anatabasamu."

Kwa Kiarabu, qarib ni kitu kisicho mbali.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia naam, babu, faraja iko karibu, inshallah. Akasema tena. Kisha akanitazama, kama anayenisubiri nifanye kitu. Nikarudia kusoma. Nilikosea, Ammah?"

"Hukukosea mwanangu. Ulimsomea Qur'ani, hapana bora kuliko hilo. Lakini kwa lugha yake, karibu ni neno unalomwambia mtu aliyefika mlangoni."

Nasir akanitazama. Machoni mwake sikuona hofu yoyote. Ile hofu hakuwahi kupewa.

"Nani alifika?"

Sijui. Masheikh wetu wanasema mambo ya adhuhuri ni khurafa, uzushi mtupu, nami nawasadiki. Nawasadiki pia wanaposema kwamba roho ya muumini hupokewa kwa upole na malaika wenye nyuso nyeupe, na malaika hawahitaji mkalimani. Huenda aliwaona wao. Huenda alimwona mama yake. Lakini lipo jengine, nalo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana. Asubuhi ile Nasir alimwambia kwamba mimi nimeshatoka Nizwa, niko njiani. Huenda Baba alidhani nimefika. Huenda aliponiona sipiti ndani, akamtazama mtoto, akimtaka akanifungulie.

Najiuliza ningekuwa mimi pale ningefanya nini. Naogopa ningepiga kelele. Ningemkumbuka Bibi, ningemwambia Baba asiitike, na saa yake ya mwisho ingejaa hofu ya watu wawili. Nasir hakujua la kuogopa, akaushika ule mkono mpaka ukapoa. Hilo ni jema alilolipata kwa uzio wa lugha alioujenga Mama yangu, na silikatai. Lakini kwa uzio huo huo, mzee aliyeizungumza lugha yake miaka themanini alitamka neno lake la mwisho likapokewa kama neno jengine, akatazama, akasubiri. Mambo haya mawili nimejaribu kuyatenganisha, nimeshindwa.

Nasir alikuwa bado amekaa.

"Ammah, mtu akiambiwa karibu, hujibu nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ilibidi nifikiri.

"Husema starehe," nikamwambia. "Maana yake, kaa kwa raha, usijisumbue, usiinuke kwa ajili yangu."

Akalitamka mara moja, akakosea. Akalitamka tena. Jioni, baada ya swala ya alasiri, alinichukua kwa gari mpaka makaburini. Nilisimama nje ya ukuta kama ilivyo desturi yetu wanawake, yeye akaingia. Nilimwona amechutama kwenye udongo mbichi, midomo inacheza. Aliporudi hakuniambia amesema nini, nami sikumwuliza. Ila alipokuwa anawasha gari nilimsikia analirudia chini chini, starehe, babu, starehe, kama mtu anayechelea kusahau.

Habari ya Bi Hanka namwachia Mola wake, aliye mwadilifu kuliko sisi. Wangu nawaombea.

Ewe Mola, uliyetofautisha ndimi zetu na unayezisikia zote, msamehe Bibi aliyeshindwa kumnyima mgeni. Msamehe Mama, aliyeogopa kwa kupenda. Msamehe Baba, umpanulie kaburi lake, umtie nuru ndani yake, na umpe wa kumkaribisha anayeyafahamu maneno yake yote. Nasi tuliobaki, tukifika mlangoni Kwako, usituache nje juani. Amin.